Mwonyi Uliohamia Shambani

Ukikitazama kikopo cha balmu ya Naturub kando ya Vicks na Robb, huenda usikisogelee. Mimi nilinaswa na jambo moja: dawa hii ya mafua imezaliwa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, lakini jani lake halichumwi humo. Hupandwa shambani, jirani na mahindi.

Jani lenyewe ni mwonyi, ndugu wa kivumbasi. Wenyeji wamejifukizia kwa jani hilo chini ya blanketi tangu zamani. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichoanza 1997, kikisaidiwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kiliupeleka mvuke ule kiwandani.

Anayesimamia pipa la kukenekea atakueleza kwamba kazi huanza kabla ya moto. Majani yaanikwe kivulini. Jua kali hula mafuta. Yakishindiliwa ovyo, mvuke hutafuta upenyo mmoja na kuyaacha mengine mabichi. Yakilegezwa mno, unapasha hewa. Mvuke ukipenya sawasawa huingia bombani, hupozwa kwa maji baridi, na kuanza kudondoka: maji chini, mafuta juu, utando mwembamba unaonuka kafuri hadi machozi yakulengelenge. Rundo zima la majani, mafuta kiduchu. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini mkulima hubishania bei ya kilo.

Hesabu ya mradi inajulikana: anayepata hela ya mwonyi hana haja kubwa ya kuingia msituni na panga, na sehemu ya mapato hurudi kwenye uhifadhi. Mwaka 2010 Muliru ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na kwa haki kabisa. Wengine wameshika njia tofauti ya kuulinda msitu: majiko ya Upesi yanayobana kuni, yakigharimiwa na fedha za kaboni kupitia shirika la myclimate la Uswisi.

Ila mvuke hautoki bila moto, na moto hauwaki bila kuni au kitu kingine cha kulipia. Halafu kuna soko. Balmu ikidorora madukani Nairobi, mwenye robo ekari atang'oa mwonyi apande mahindi, na sitamlaumu, karo haingoji. Makampuni hupenda kupigwa picha na miche. Lakini nani kati yao atasaini kununua majani hata msimu ambao wateja hawana mafua?