Saa 24 juu ya kipikipiki: Anayesimama ndiye anayefungwa

Kigoma. UKISHUKA kwenye treni pale stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, hata mgongo hujaunyoosha vizuri umeshazungukwa. Mmoja anakuuliza kama unakwenda Mwanga, mwingine ameshashika begi lako, anakwambia Ujiji anakufikisha sasa hivi. Ni vijana wa bodaboda, na hawana masihara na kazi.

Sasa hebu fikiria safari uliyotoka nayo. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Mwaka 1922, huko Vaujours karibu na Paris, Ufaransa, jamaa mmoja aitwaye Tony Zind alikaa juu ya pikipiki aina ya Motosacoche ya cc 500 akakata umbali kama huo ndani ya saa 24. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anazunguka njia ileile. Na hakuwa na wa kumpokea, kwa sababu kanuni ya wakati ule ilisema pikipiki moja, mtu mmoja, mwanzo mwisho.

Hayo ndiyo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Bol d'Or, na yapo hadi leo. Kanuni imebadilika, sasa timu moja ina madereva watatu wanaopokezana. Yamezaliwa na mengine: Saa 24 za Le Mans za pikipiki na Saa 8 za Suzuka kule Japan, yote yakianza 1978.

Shabiki wa mpira utauliza, haya yananihusu nini? Subiri kidogo. Mchezo huu wa wakubwa una mdogo wake, na huyo mdogo anafanana sana na timu yako ya mchangani.

TIMU YA GEREJI

Mdogo mwenyewe ni mbio ndefu za vipikipiki vya cc 50. Ni vile vidude vilivyotengenezwa na pedali kama za baiskeli, ambavyo jina lake la Kizungu limetokana na kuunganisha maneno mawili, mota na pedali. Ufaransa walikuwa na Mobylette, Austria walikuwa na Puch, Ujerumani walikuwa na Zündapp na Simson, na kule Slovenia, enzi za Yugoslavia, walitengeneza Tomos. Ulaya nzima watu walivipanda kwenda shule, kazini na sokoni.

Vilipozeeka, wengine walivitupa. Wengine wakaviingiza gereji, wakaitana marafiki wanne watano, wakaanzisha timu. Mmoja ni fundi umeme, mwingine anauza duka, mwingine bado anasoma. Hakuna mshahara. Wanachangishana hela ya mafuta na ya kiingilio, wanashona fulana zinazofanana, na wikiendi wanapakia kipikipiki chao nyuma ya gari kwenda kushindana saa tatu, saa sita, saa 12 au saa 24 mfululizo.

Umeona? Ondoa kipikipiki weka mpira, hiyo ni timu yoyote ya mtaa Kigoma inayochangishana nauli kwenda kucheza Kasulu.

Tofauti ipo kwenye namna ya kushinda. Julai 25, 2021, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga walikamatana fainali ya Kombe la FA mpaka Taddeo Lwanga alipopiga kichwa kimoja, mchezo ukaisha 1-0. Kichwa kimoja kilitosha kubeba kombe. Kwenye mbio ndefu za pikipiki hakuna kichwa cha Lwanga. Hakuna ufundi wa sekunde moja utakaokuokoa. Kuna kuzunguka tu, na mwisho wa muda anayehesabiwa mizunguko mingi ndiye bingwa.

PIGA HESABU HII

Chukua timu mbili kwenye mbio za saa sita. Timu ya kwanza ina kipikipiki kikali, kinakwenda kilomita 70 kwa saa. Timu ya pili inakwenda 64 tu. Ukiwa jukwaani unaona kabisa ya kwanza inaipita ya pili kama imesimama.

Lakini ile ya kwanza imechezewa injini mpaka imechoka. Cheni inakatika, plagi inaungua, dereva anaanguka kwenye kona kwa kulazimisha. Ukijumlisha, imekaa gereji saa nzima. Imebaki na saa tano za kukimbia, ambazo ni kilomita 350. Timu ya pili imesimama robo saa tu kwa kujaza mafuta na kubadilishana madereva. Saa tano na dakika 45 kwa mwendo wa 64 ni kilomita 368.

Tofauti ni kilomita 18. Kwa mtu wa hapa, hiyo ni karibu safari ya kwenda Ujiji na kurudi. Mwenye mbio amepigwa na mwenye subira, na jukwaani watu hawaamini.

Kwa hiyo kwenye mchezo huu straika si dereva. Straika ni fundi. Dakika anazookoa yeye akiwa amepiga magoti na spana mkononi ndizo mabao yenyewe.

MSIMU ULIVYO

Msimu wa timu ya namna hii hauanzi siku ya mbio. Unaanza miezi ya baridi, gereji imefungwa mlango, injini imemwagwa chini. Injini nyingi za cc 50 ni zile zinazochanganyiwa mafuta na oili kwenye tangi. Ukizidisha oili, plagi inajaa masizi na injini inakosa nguvu. Ukipunguza, pistoni inakwama na injini imenoki. Timu changa hujifunza hilo kwa machozi.

Mbio za kwanza huwa za kujipima. Timu inagundua kwamba boliti iliyokaa vizuri gereji inafunguka yenyewe baada ya saa mbili za mtetemo. Inagundua kwamba tangi ni dogo, linameza lita chache tu, kwa hiyo kama hukupanga vizuri utaingia kujaza mara nyingi kuliko jirani yako. Inagundua pia kwamba dereva akikaa muda mrefu mikono inakufa ganzi, na mwenye ganzi hakamati breki kwa wakati.

Katikati ya msimu ndipo timu inapojulikana kama ni timu au kikundi cha watu. Kipikipiki kimeharibika, mvua inanyesha, mpo nafasi ya kumi na kitu, na mmoja anataka mfunge virago. Mwenye timu anasema hapana, tutengeneze, turudi. Sababu ni kwamba hata ukimaliza wa kumi unapata pointi, ila usipomaliza unaondoka na sifuri. Ni kama suluhu ya ugenini. Haina shangwe, lakini Mei ikifika unaikumbuka.

Wakubwa nao wanalijua hilo. Kwenye ubingwa wa dunia wa mbio hizi, mashindano ya saa 24 hutoa pointi za ziada kwa wanaoongoza ikifika saa ya nane na saa ya 16. Yaani unalipwa kwa kuendelea kuwepo.

Halafu kuna usiku. Kupanga kikosi kunaonekana hapa. Mwenye miguu myepesi anaanza, maana mashindano mengi makubwa bado huanza kwa staili ya Le Mans, pikipiki zinapangwa upande mmoja wa njia na madereva upande wa pili, bendera ikishuka wanakimbia kwa miguu kuzifuata. Mwenye macho mazuri na moyo uliotulia anapewa saa za usiku. Mwenye roho ya paka anaachiwa saa ya mwisho. Kocha anayempanga kila mtu popote, asubuhi analia.

SASA TUJE KIGOMA

Mpaka hapa msomaji wa Mwanga au Gungu ameshaanza kutabasamu, kwa sababu huo mchezo anaujua. Anauona kila siku.

Dereva wa bodaboda anaingia kijiweni alfajiri, anatoka usiku. Jua lake, mvua yake. Anapanda mlima na abiria, anashuka na gunia la muhogo, anaingia Kibirizi kubeba dagaa na migebuka, anarudi Ujiji na dumu la mawese. Jioni lazima hesabu ya tajiri iwe kamili. Pikipiki ikigoma njiani, anaitengeneza hapohapo kwa spana moja na waya. Kijiwe kina fundi wake na mweka hazina wake, na kina utaratibu wa kuchangiana mmoja akiumwa. Hiyo ni timu ya mbio ndefu iliyokamilika. Imekosa njia ya kukimbilia tu.

Na kwa kuwa haina njia, vijana wanakimbilia barabarani. Hapa ndipo utani unapoisha.

Resi zinapigwa kwenye lami, usiku, taa zimezimwa, wengine bila kofia ngumu, wakati mwingine na mshikaki nyuma. Kushindana kwenye barabara ya watu wote ni kosa, kila mtu analijua hilo. Lakini pita nyumba kumi za mtaa wowote wenye vijana, uulize. Hutakosa nyumba yenye kijana anayetembelea magongo, au yenye picha ya marehemu ukutani ambaye alikuwa "anaendesha vizuri sana".

Aliendesha vizuri, ndiyo. Hakuna aliyempa mahali pa kuuonyesha huo uzuri bila lori kuja mbele yake.

Wenzetu wamejaribu kuwapa vijana mahali. Uganda wana Garuga, njia ya motokrosi nje ya Kampala. Kenya wana Jamhuri Park jijini Nairobi. Ni kweli motokrosi ni mchezo wa gharama, pikipiki yake haipiti hata barabarani. Mbio ndefu za vyombo vidogo zina unafuu wake. Hazihitaji chombo kikali. Zinahitaji chombo kizima.

KINACHOTAKIWA

Kigoma hatuna Mobylette, na hatuzihitaji. Tunazo Boxer, TVS na SanLG zilizochoka ambazo vijiwe vimeziegesha nyuma ya gereji. Kijiwe kinachangishana, kinanunua moja ya kizamani, inabaki kuwa pikipiki ya timu. Hili ni muhimu. Kijana asishindane na pikipiki ya mkataba inayolisha watoto wake. Ikinoki Jumapili, Jumatatu hana kazi, na tajiri hataki kusikia habari ya michezo.

Kanuni ya pili, injini isiguswe. Iwe ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiruhusu kuchezea injini, mwenye hela ameshinda kabla bendera haijashuka, na vijiwe maskini vimekwenda nyumbani. Ukikataza, ushindani unarudi kwa fundi, kwa dereva na kwa anayepanga zamu.

Kanuni ya tatu, njia iwe imefungwa. Mzunguko wa kilomita moja wenye kona nyingi unatosha, maana kona ndizo zinazoshusha mwendo. Pembeni zipangwe tairi chakavu. Watazamaji wakae mbali na kona. Mafuta yajazwe injini ikiwa imezimwa na mtu wa kizimamoto amesimama pale.

Kanuni ya nne haina mjadala. Gari la wagonjwa lipo, mbio zinaendelea. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, bendera nyekundu, kila mtu anasimama mpaka lirudi au lije lingine. Nchi zote zilizokomaa kwenye michezo ya mota hufanya hivyo, na anayeona ni usumbufu asipewe kibali.

Kalenda yetu yenyewe inatusaidia. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua zimekata, vumbi limetulia kwa kumwagiwa maji, na ligi ya mpira sehemu kubwa ya kipindi hicho imelala. Mashindano manne, moja kila mwezi. La kwanza saa tatu, la mwisho saa 12. Klabu zisajiliwe kama zinavyosajiliwa klabu za mpira, kupitia utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa (BMT), ili kuwe na kiongozi wa kuulizwa jambo likiharibika.

Gharama ipo, tusidanganyane. Lakini mkoa huu hauogopi safari ndefu. Mashujaa walipopanda Ligi Kuu 2023 walipitia mchujo, wakamalizana na Mbeya City, na watu wa hapa wakaanza kuziona timu kubwa nyumbani kwao baada ya kusubiri miaka. Aliyesubiri kiasi hicho anajua maana ya mbio ndefu kuliko mtu yeyote.

Turudi stesheni. Yule kijana aliyeshika begi lako bado anasubiri jibu. Mwambie akupeleke Ujiji, lakini taratibu. Mwambie pia ile hesabu ya kilomita 350 na 368. Mara ya kwanza atacheka, atasema mwenye 70 hawezi kupigwa na mwenye 64. Mwache aipige mwenyewe kichwani huku anaendesha.

Mkifika salama, atakuwa ameshaelewa.