Tovuti Inapofungwa kwa Matengenezo

Mwenye duka anayepanga upya rafu zake hubandika tangazo mlangoni, la sivyo wateja hudhani amefilisika. Tovuti nazo huhitaji tangazo la namna hiyo. Programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003, inapopokea toleo jipya huweka faili liitwalo .maintenance, na mgeni huonyeshwa ukurasa wa kumtaka angoje, pamoja na namba 503. Namba hiyo si pambo: mitambo ya kutafutia habari huisoma ikajua kwamba yafaa irudi baadaye. Kazi ikikatika, faili husalia na mlango haufunguki. Dakika 10 zikipita programu hulipuuza. Fundi mwenye haraka hulifuta mwenyewe, walakini yampasa kwanza awe na nakala ya akiba, maana tovuti yaweza kuwa imebaki nusu mpya, nusu kuukuu.