Kabla ya kumeza kile kidonge kimoja

Jioni, wateja wakishapungua, mama mwenye tumbo la miezi mitano anasogea kwenye kaunta ya duka la dawa. Anatazama nyuma kwanza, kisha anashusha sauti: "Naomba ile ya fangasi. Ya kumeza, kile kimoja." Muuzaji anachomoa pakiti, anapokea pesa, anarudisha chenji. Dakika moja imetosha. Lakini maswali mawili hayakuulizwa: je, ni fangasi kweli? Na je, dawa hiyo inamfaa mwenye mimba?

Tuanze na fangasi mwenyewe. Anayesumbua ukeni mara nyingi ni kandida, ndugu wa hamira tunayoumulia maandazi. Kama hamira, naye hustawi penye joto, unyevu na sukari. Wanawake wengi wanaye mwilini bila kujua wala kuumwa, na takribani watatu kati ya wanne humwona akileta shida angalau mara moja maishani. Kwa hiyo muwasho huu si ushahidi kwamba mtu ni mchafu, wala kwamba mmoja wa wanandoa ametoka nje.

Mimba humfungulia kandida mlango. Homoni ya estrojeni hupanda, na kuta za uke hujaza akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Bakteria walinzi wa uke huitumia sukari hiyo kutengeneza asidi inayofukuza vijidudu vingi, ila kandida huivumilia asidi hiyo bila taabu. Kinga ya mwili nayo hubadilika ili kumpokea mtoto. Ndiyo maana wajawazito hupata fangasi mara nyingi kuliko wanawake wengine, hasa mimba inapokuwa kubwa.

Si kila uchafu ni fangasi

Ute kuongezeka wakati wa mimba ni kawaida. Ukiwa mwepesi, mweupe, usio na harufu mbaya na usiowasha, hauhitaji dawa.

Fangasi hujitambulisha kwa muwasho, na mara nyingi usiku ndipo huzidi. Uchafu huwa mzito na mweupe, wenye mabonge kama maziwa mgando. Ngozi ya nje huwa nyekundu, huvimba na kuchanika kidogo, hivyo mkojo ukipita juu yake unachoma. Tendo la ndoa huuma. Harufu kali kwa kawaida haipo.

Shombo la samaki pamoja na uchafu mwepesi wa kijivu huashiria kwamba bakteria wa ukeni wamevurugika. Uchafu wa njano au kijani wenye povu huenda ukawa trikomona, ugonjwa wa zinaa ambao mwenzi naye lazima atibiwe. Hali hizi mbili zimehusishwa na kujifungua kabla ya wakati, na dawa ya fangasi haiziponyi. Mjamzito anayezitibu kwa kubahatisha anapoteza wiki ambazo mtoto angenufaika nazo.

Kipimo chenyewe si kikubwa. Mhudumu huchukua ute kwa pamba, maabara huuweka kwenye kioo na tone la dawa, kisha huutazama kwa hadubini. Kandida akiwepo, huonekana kama nyuzi nyembamba zenye vichipukizi pembeni.

Siku saba, si kidonge kimoja

Kidonge cha kumeza kinachouzwa sana ni flukonazoli ya miligramu 150. Kwa asiye na mimba ni dawa nzuri. Kwa mjamzito, mambo ni mengine. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dozi kubwa za kila siku, miligramu 400 hadi 800, katika miezi mitatu ya kwanza zimehusishwa na kasoro za maumbile. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti kutoka Denmark uliopitia mimba zaidi ya milioni 1.4 za kati ya 1997 na 2013. Waliomeza dawa hii, hata kwa dozi ndogo, walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu achague njia nyingine. Aliyekwisha kumeza asipatwe na kiwewe. Amweleze mhudumu wa kliniki.

Njia hiyo nyingine ipo na ni ya bei nafuu: krimu au vidonge vya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, kwa siku 7. Huwekwa usiku wakati wa kulala ili dawa isivuje. Kidonge kisukumwe taratibu kwa kidole kilichooshwa. Kile kijiti cha plastiki kinachokuja na dawa kisitumike bila maelekezo ya mhudumu. Muwasho ukitulia siku ya tatu, endelea hadi ya saba. Kumbuka pia kwamba dawa hizi zinaweza kudhoofisha kondomu.

Nyumbani, osha sehemu ya nje kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa chupi ya pamba na uibadilishe ikilowa jasho. Usiingize ndani sabuni, ndimu wala kitunguu saumu: vinaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Fangasi akirudi mara kwa mara, omba kupimwa sukari na Virusi vya Ukimwi. Kisukari cha mimba kinaweza kujificha kabisa, kikabaki kujulikana kwa muwasho usiokoma. Na ukiona damu, homa, maumivu ya tumbo la chini au maji yanayotiririka yenyewe, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maji yakitiririka, huenda chupa imepasuka.

Kwa kawaida kandida hamdhuru mtoto aliye tumboni. Akimpata wakati wa kuzaliwa, huweza kumwachia utando mweupe mdomoni usiofutika kama maziwa, nao hutibika kwa matone.

Turudi kwenye kaunta. Yule mama alitaja fangasi, akataja na dawa. Hakutaja mimba, na khanga aliyojifunga huenda iliificha. Angeanza kwa kusema, "Nina mimba ya miezi mitano, nawashwa," muuzaji anayeijua kazi yake angekirudisha kile kidonge kwenye rafu na kumwelekeza kliniki.