Meno ya Ekseli na Magurudumu Makubwa

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo linalowapata wenye magari ya njia mbaya. Mtu hununua magurudumu makubwa ili gari lake livuke matope ya masika na mawe ya makorongo. Siku ya kwanza hufurahi. Siku ya pili akipakia magunia na kuukabili mlima kama ule wa Kitonga, huona gari limekuwa zito, gia aliyoizoea haitoshi tena, na injini yachemka. Hapo husema, "Injini imechoka." Kumbe injini ni ile ile.

Tutazame sababu. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko wake hulipeleka gari mbali zaidi. Basi injini ni kama mtu apandaye ngazi akivuka vidato viwili viwili: mzigo ni ule ule, lakini hatua ni ndefu, naye hufika juu akihema. Dawa yake ni kuifupisha hatua, na mahali pa kuifupishia ni ndani ya difu, katikati ya ekseli.

Humo mna vyuma viwili vyenye meno. Kidogo ni pinioni, nacho huzungushwa na propela. Kikubwa ni krauni, nacho huzungusha magurudumu. Tuseme krauni ina meno 41 na pinioni ina meno 10. Ukigawanya 41 kwa 10 wapata 4.10, maana yake propela huzunguka mara 4.10 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hesabu ikizidi, nguvu ya kuvuta huzidi, na mwendo hupungua.

Haya basi, tufanye hesabu. Gari lilikuwa na magurudumu yenye kimo cha inchi 31, na mwenyewe ametia ya inchi 35. Zidisha 4.10 kwa 35, kisha gawanya kwa 31. Jibu ni 4.63. Hiyo ndiyo hesabu ya kulirudisha gari katika hali yake ya kwanza. Lakini madukani huuzwa meno ya hesabu maalum tu, kama 4.56, yaani 41 kwa 9, au 4.88, yaani 39 kwa 8. Lipi lichaguliwe? Mwenye kwenda safari ndefu za barabara ya lami bila mzigo mwingi atatosheka na 4.56. Mwenye kubeba mizigo milimani na achague 4.88, injini yake itazunguka zaidi na kunywa mafuta zaidi barabarani, lakini haitateseka. Na ajue pia kwamba, kwa krauni ya upana ule ule, pinioni yenye meno machache huwa nyembamba, na nguvu yake hupungua. Kwa hiyo si vema kupita kiasi. Tena, aliyetoka inchi 31 kwenda 32 hana haja ya kubadili kitu. Tofauti ni kama sehemu 3 katika 100 tu.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne lina difu mbili, na hesabu zake hazina budi kulingana. Ukitia 4.88 nyuma na kuacha 4.10 mbele, siku utakapofunga magurudumu yote yavute pamoja, ekseli moja itataka kwenda upesi kuliko nyenziwe. Penye ardhi ngumu chuma kitajipinda mpaka kivunjike, pengine katikati ya mteremko. Kwa hiyo asiye na fedha za difu mbili na angoje, wala asinunue moja.

Katika kununua, usitazame jina la gari peke yake. Difu ya mbele na ya nyuma huweza kuwa mbalimbali. Kwa mfano, katika Toyota Land Cruiser ya 80, difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, tena meno yake yamechongwa kwa mwelekeo wa kinyume. Kadhalika, katika ekseli ya Dana 44 ya kawaida, chombo kinachoibeba krauni ni kimoja mpaka hesabu ya 3.73, na kuanzia 3.92 ni kingine. Asiyeuliza hili hununua meno yasiyofunga mahali pake.

Krauni na pinioni hununuliwa zikiwa jozi, kwa kuwa zimesuguliwa pamoja kiwandani. Usichanganye ya jozi hii na ya jozi ile. Pamoja nazo nunua beringi mpya, sili za mafuta, nati ya pinioni, na vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi. Mtu aonaye uchungu wa bei ya beringi na kurudisha zile kuukuu huhatarisha meno mapya, kwani beringi ikilegea, meno hayakutani sawasawa, nayo hulia, kisha hukatika.

Kazi ya kuyafunga ni ya fundi mwenye vipimo. Yeye hupaka meno rangi, huyazungusha, na kusoma alama inayobaki. Fundi anayekisia kwa mkono tu, mpite.

Mwisho, meno mapya yataka upole. Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, kisha gari lipumzike mpaka difu ipoe. Baada ya kilomita 800 hivi, mwaga mafuta ya difu utie mapya, kwa maana yale ya kwanza yamebeba unga wa chuma.

Basi, ndugu, kabla ya kununua magurudumu makubwa, hesabu kwanza bei ya difu mbili. Ikiwa jumla yakushinda, magurudumu ya kiwandani yaliyo mazima yatakufikisha salama. Kwaherini.