Chanjo za Watoto Wakati wa Maradhi Makuu

Wasikilizaji, mtu atokaye mjini Mwanza kwa njia ya Musoma hufika Igoma, mahali penye soko, magari mengi, na watu wa kila kabila la kandokando ya Ziwa. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa wale waliozama na meli ya MV Bukoba mwezi wa Mei, 1996. Msiba wa namna ile huonekana kwa macho, na watu hulia pamoja. Leo nataka kuwaeleza habari za msiba mwingine, ambao huja kimya kimya, wala haumpigi mtu siku ile ile.

Mwezi wa Machi, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa katika Tanzania, na siku ya pili yake ikatolewa amri ya kufunga shule. Zahanati hazikufungwa. Lakini katika nchi nyingi wazazi waliogopa kuwapeleka watoto mahali penye wagonjwa, wauguzi walitolewa katika kazi zao kwenda kuwatunza wenye korona, na dawa zilichelewa njiani kwa kuwa ndege zilikuwa chache. Hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zaonyesha kwamba mwaka 2019 watoto wapatao milioni 19 duniani hawakupata chanjo zao kwa ukamilifu; mwaka 2021 walifika milioni 25. Hata wasichana wa miaka 14, waliokuwa wakichanjwa shuleni kukinga saratani ya mlango wa kizazi, hawakuwa na mahali pa kukusanyikia mpaka shule zilipofunguliwa tena mwisho wa Juni, 2020.

Iko sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni kichupa cha dawa ya surua. Dawa hiyo ni unga mkavu, na aghalabu kichupa kimoja chatosha watoto kumi. Muuguzi akiisha kuuchanganya na maji yake, hana budi kuitumia katika muda wa saa sita; itakayobaki humwagwa. Basi wakija watoto wawili tu, muuguzi huingia katika shaka: akifungue kichupa na kumwaga sehemu ya wanane, au awaambie mama zao warudi siku nyingine? Shirika la Afya Duniani lasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana dawa iliyomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyekingwa. Hata hivyo, si wote wafuatao shauri hilo, na watu wanapokatazwa kusongamana, idadi ya watoto wajao kwa siku hupungua, na shaka ya muuguzi huzidi. Mama aliyeacha dagaa zake sokoni akirudishwa mara mbili, mara ya tatu haji. Mimi simlaumu.

Mtoto aliyekosa chanjo haugui kesho. Hucheza na wenzake, na wazazi hudhani kwamba hapana neno. Lakini mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ili ugonjwa huo usienee yapasa watoto 95 katika kila mia wawe wamechanjwa. Wavuvi wa nyavu wajua kwamba tundu dogo halionekani mpaka nyavu zivutwe. Nao wavuvi wenyewe huhama mwalo hata mwalo, toka Kirumba mpaka visiwa vya Ukerewe, pamoja na wake na watoto. Surua hupanda mtumbwi bila kulipa nauli.

Mwezi wa Februari, 2022, serikali ya Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja amepooza kwa polio, na virusi vyake vilikuwa vya asili ya Pakistan. Tanzania ilianza mwezi uliofuata kuwapa watoto matone katika mikoa ya mpakani, na mwezi wa Mei nchi nzima, wauguzi wakipita nyumba kwa nyumba. Tena Februari, 2024, ikafanywa kampeni ya surua na rubela kwa watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka mitano.

Wazazi wengine husema mtoto akipitwa na siku yake, chanjo alizokwisha kupata zimepotea, na ni lazima aanze upya. Basi huona haya kwenda. Sivyo. Muuguzi huendelea pale alipoachia. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Aliyepitwa na zote mbili hupewa ya kwanza siku ile atakayoletwa, na ya pili baada ya majuma manne au zaidi.