Mtanie shabiki mwenzako, usimtukane: Somo la Ryder Cup kwa vijana wa Zombe

Wewe kijana wa Zombe, hebu sema ukweli. Timu yako ilipopigwa mara ya mwisho, ulizima simu dakika ya ngapi? Unajua vizuri kilichokuwa kinakungoja. Refa hajapuliza kipenga cha mwisho na tayari kundi la WhatsApp limejaa vibonzo. Asubuhi ukipita steji ya boda unaulizwa kama ulipata usingizi. Ukienda kunyolewa, kinyozi anakuhesabia mabao huku amekushikia wembe, na huwezi hata kutikisa kichwa.

Hiyo ndiyo raha ya ushabiki. Bila mpinzani wa kukuchoma, mpira ungekuwa kazi ya kuangalia watu 22 wakikimbia. Shida huja pale mzaha unapovuka mpaka: mtu anatajiwa mamake, kiti kinainuliwa, na marafiki waliosoma darasa moja hawasalimiani tena kwa sababu ya timu iliyo London au Manchester, ambayo haijui kama kuna soko linaloitwa Zombe.

Leo nataka tujifunze jambo hili kutoka kwa mchezo ambao pengine hujawahi kuutazama hata dakika kumi: gofu. Najua utasema gofu ni ya mabwanyenye wa Muthaiga na Karen, na kwamba huku kwetu nyasi zikiota ng'ombe na mbuzi wanazimaliza kabla mtu hajatafuta fimbo ya kuchezea. Ni sawa. Lakini kuna shindano moja ambapo mashabiki wa gofu huacha ustaarabu wao wa kunong'ona, wakaimba, wakapaka rangi usoni na kurushiana maneno kama sisi tu. Linaitwa Ryder Cup, na ni Marekani dhidi ya Ulaya.

Kikombe cha muuza mbegu

Samuel Ryder, aliyetoa kikombe hicho, alikuwa Mwingereza wa mji wa St Albans aliyetajirika kwa kuuza mbegu za bustani katika vipakiti vya senti. Sisi watu wa ndengu na mbaazi, tunaosubiri mvua za Novemba mbegu zikiwa tayari ndani ya debe, tunamwelewa mtu wa namna hiyo. Shindano la kwanza lilichezwa 1927 huko Worcester, jimbo la Massachusetts, na Wamarekani wakawatandika Waingereza 9½ kwa 2½.

Kipigo kikawa desturi. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa ikichukua kikombe karibu kila mara, hadi utani wenyewe ukapoa. Utamtania vipi mtu ambaye kila siku analia? Ndipo kuanzia 1979, badala ya Uingereza na Ireland peke yao, Ulaya nzima ikaunda timu moja.

Hapo Kenya inaingia kwenye stori. Miongoni mwa waliochezea timu hiyo ya kwanza ya Ulaya ni Mhispania Seve Ballesteros, ambaye mwaka mmoja kabla, 1978, alikuwa ameshinda Kenya Open hapa kwetu. Mwaka wa 1985, Ulaya ikiwa na Ballesteros na Ian Woosnam, iliishinda Marekani uwanjani The Belfry, Uingereza. Marekani haikuwa imeshindwa tangu 1957. Woosnam naye akaja kushinda Kenya Open 1986.

Ushindani ukapata chumvi. Kila baada ya miaka miwili wachezaji 12 wa kila upande hupambana siku tatu, kukiwa na pointi 28 za kugombewa. Wachezaji wa Ulaya hawalipwi ada ya kucheza. Wamarekani mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, walipewa kila mmoja dola 200,000 zake, na nyingine 300,000 za kuelekeza kwa misaada. Lakini uliza mchezaji yeyote wa pande hizo mbili: kinachowanyima usingizi ni haki ya kujigamba kwa miaka miwili ijayo. Hapo sasa tunaelewana.

Utani ulioingia shimoni

Sikiza hii ya 2016. Shindano lilikuwa Hazeltine, jimbo la Minnesota. Siku moja kabla ya mechi kuanza, wachezaji wa Ulaya walikuwa wakifanya mazoezi ya kusukuma mpira shimoni kutoka mbali kidogo, na wanakosa kila wakijaribu. Shabiki mmoja wa Marekani kwenye umati akapaza sauti kwamba hata yeye angeuingiza.

Walinzi wangeweza kumtoa. Wachezaji wangeweza kununa. Badala yake walimwita aje aonyeshe. Justin Rose akatoa noti ya dola 100, akaiweka chini kando ya mpira. Yule jamaa akaomba fimbo, akasukuma, na mpira ukaingia shimoni moja kwa moja! Uwanja ukalipuka. Wachezaji wa Ulaya, waliotukejeliwa dakika moja iliyopita, wakawa wa kwanza kumkumbatia.

Angalia jinsi utani huo ulivyojengwa. Alikejeli uchezaji, hakugusa utu wa mtu. Alipoambiwa athibitishe, hakukimbia. Na waliokejeliwa walikubali kucheka pamoja naye. Kila mtu alienda nyumbani na stori, na aliyepoteza kitu ni Rose peke yake, dola zake 100.

Sasa weka hiyo kando ya nyingine ya wiki hiyo hiyo. Kaka ya Danny Willett, mchezaji wa Ulaya, aliandika makala ya kuwatukana mashabiki wa Marekani: maumbile yao, akili zao, familia zao. Danny ikabidi aombe radhi kwa kosa ambalo si lake. Aliingia uwanjani umati mzima ukimsubiri, na akapoteza mechi zake zote tatu. Marekani ikashinda 17 kwa 11. Wote wawili, shabiki na kaka, walidhani wanawachoma wapinzani. Mmoja alipata rafiki, mwingine akamchoma ndugu yake.

Siku kinywaji kiliporuka

Ya karibuni zaidi ni ya Septemba 2025, uwanja wa Bethpage Black huko New York. Mechi zilipoanza asubuhi kule, huku kwetu ilikuwa saa nane mchana. Ulaya walicheza kama watu waliotumwa. Kufikia Jumamosi jioni walikuwa wakiongoza 11½ kwa 4½, na baadhi ya mashabiki wa nyumbani wakashindwa kumeza.

Matusi yakamwandama Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini shimo hadi shimo, yakagusa ndoa yake na familia yake. Mchangamshaji aliyeajiriwa kuwapa mashabiki moto aliongoza kibwagizo cha matusi dhidi yake. Kabla ya siku ya mwisho alikuwa ameachia kazi hiyo. Polisi wakaongezwa uwanjani. Kinywaji kikarushwa kutoka kwa umati, kikampata mkewe McIlroy kwenye kofia. McIlroy mwenyewe ilifika mahali akapandwa na hasira akawajibu kwa ukali.

Je, matusi hayo yaliisaidia Marekani? Jumamosi hiyo hiyo McIlroy alishinda mechi zake zote mbili. Jumapili Wamarekani walifufuka, wakapigana hadi wakakaribia kabisa, lakini walifanya hivyo kwa fimbo zao. Ulaya ikashinda 15 kwa 13. Kilichokumbukwa baadaye hakikuwa ujasiri wa Wamarekani wa siku ya mwisho, ambao ulistahili nyimbo. Kilichokumbukwa ni kinywaji kile. Chama cha gofu cha Marekani kikaomba radhi hadharani. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tusicheke sana, nasi tunayo yetu

Kabla hujasema Wamarekani hawana adabu, tujitazame. Machi 2012, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards jijini Nairobi ilisimama kwa muda kwa sababu ya fujo za mashabiki baada ya kadi nyekundu. Mei 2009, Manchester United walipoifunga Arsenal 3-1 kwenye nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, kijana mmoja shabiki wa Arsenal jijini Nairobi alijitoa uhai akiwa na jezi yake. Hatujui mzigo mwingine aliokuwa ameubeba moyoni, kwa hivyo tusimhukumu. Lakini jiulize: kwenye kibanda unachotazamia mechi, ni nani huwa hacheki wengine wakicheka? Ukimwona mwenzako amenyamaza kupita kiasi, acha vibonzo, mwite pembeni mwongee.

Kisha kuna dau. Ukiwa umeweka nauli ya wiki, pesa za mbegu au karo ya mdogo wako kwenye mkeka, bao la dakika ya 90 si mzaha tena. Anayekucheka wakati huo hajui kwamba anacheka unga wa nyumbani kwenu. Ugomvi mwingi unaodhani ni wa mpira, ukiufukua utapata pesa chini yake. Hakuna utani unaoweza kuishi mahali ambapo mtu amepoteza asichoweza kurudisha.

Mpinzani ni shemeji

Mechi ya Gor na Leopards tunaiita Mashemeji, na sidhani kama kuna jina la busara zaidi katika soka ya Kenya. Wafuasi wa jadi wa timu hizo, Waluo na Waluhya, ni majirani waliooleana. Shemeji unamtania: unamwambia hajui kula, hajui kucheza ngoma, timu yake ni ya wazee. Lakini humtukani mamake, kwa kuwa mamake ni mkweo.

Sisi Wakamba tunalielewa hilo vizuri kuliko wengi. Tunalo neno nthoni, ile haya na heshima ambayo mtu hulelewa nayo, hasa mbele ya wakwe. Na utani pia tunao. Mtu wa Kitui akikutana na wa Machakos, dakika tano haziishi kabla hawajachekana matamshi, na wa Makueni akiingia anawaambia wote wawili waje wale maembe wanyamaze. Jioni wanapanda matatu moja. Mzaha na nthoni hukaa nyumba moja, ila kila kimoja kina chumba chake.

Wachezaji wakubwa wa gofu waliujua mpaka huo. Mwaka 1969, uwanja wa Royal Birkdale, Uingereza, shindano zima lilifika shimo la mwisho la mechi ya mwisho likiwa sare. Mmarekani Jack Nicklaus alikuwa amemaliza lake. Mwingereza Tony Jacklin alibakiwa na mpira usiofika mita moja kutoka shimoni. Akikosa, Marekani inashinda. Nicklaus akaokota alama ya Jacklin na kumhesabia kwamba ameingiza bila kumfanya apige. Hakutaka kumpa nafasi ya kuaibika mbele ya watu wake. Matokeo yakawa 16-16, sare ya kwanza katika historia ya Ryder Cup, na kikombe kikabaki kwa Marekani kwa sababu ndio waliokuwa nacho. Nahodha wake Nicklaus, Sam Snead, hakufurahia. Lakini zaidi ya miaka 50 baadaye, watu bado wanaisimulia.

Haimaanishi umwachie shabiki wa Chelsea apumue siku amepigwa nne. La hasha, mchome! Ila chukua sheria hizi tatu uende nazo kwenye kibanda.

Kwanza, tania mchezo. Beki wenu, kipa wenu, kocha wenu, wote ni halali. Sura ya mtu, umaskini wake, mkewe na wazazi wake hawakucheza.

Pili, utani ni wa kupokezana. Kama hukuwa tayari kuchekwa Jumamosi iliyopita, huna leseni ya kucheka leo. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tatu, mpinzani wako akiwa chini kabisa, okota alama yake. Mnunulie chai. Kesho timu yako itapigwa, na utahitaji mtu wa kukununulia.

Ryder Cup inarudi Septemba 2027 huko Adare Manor, Ireland. Safari hii Wamarekani ndio watakaokuwa wageni, na mashabiki wa Ulaya ndio watakaopimwa kama wanajua kukaribisha. Huku kwetu hatuhitaji kungoja hadi 2027. Wikendi hii kuna mechi, kibanda kitajaa, na karibu nawe ataketi mtu wa jezi nyingine. Mchokoze, cheka naye, na mkitoka nje usiku umbebe kwenye boda yako hadi kwao. Huyo ni shemeji.