Bawa Linaposhindwa Kubeba Ndege: Simuleta na Ajali za Angani

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utulivu, ikilifuata umbo lake. Pua ikiinuliwa mno, pembe kati ya bawa na hewa inayolikabili huvuka kiwango. Hewa ya upande wa juu hubanduka, huvurugika, na nguvu ya kuinua hupungua ghafla. Wengi hudhani kinachotokea ni injini kuzima. Sivyo: injini zaweza kunguruma kwa nguvu zote huku ndege ikiporomoka. Dawa yake ni kushusha pua ili pembe ipungue, hata kama ndege itapoteza kimo kwa kufanya hivyo.

Dawa hiyo haikutumika ipasavyo usiku wa Juni 1, 2009. Airbus A330 ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilikuwa juu ya Atlantiki kwenye futi 35,000. Barafu iliziba mirija ya kupimia mwendo, vipimo vikavurugika kwa muda usiofika dakika moja, na mfumo wa kujiendesha ukajizima. Rubani aliyeshika usukani akainua pua. Ndege ikapanda hadi karibu futi 38,000, ikaishiwa mwendo, ikaanza kuanguka. Kabla ya dakika tano kutimia iligonga bahari, pua ikiwa bado imeelekea juu. Watu wote 228 walikufa.

Visanduku vyeusi viliopolewa mwaka 2011 kutoka kina cha karibu mita 3,900. Wachunguzi wa BEA, taasisi ya Ufaransa ya uchunguzi wa ajali za ndege, walikuwa na swali zito: je, ndege ilirushwa na dhoruba au iliongozwa hivyo? Amri za rubani zilizorekodiwa ziliingizwa katika kielelezo cha kompyuta cha A330, na mwenendo wake ukalinganishwa na ule halisi. Mwanzoni mwa tukio vililingana kwa kiasi kikubwa: ndege ilikuwa ikitii mkono wa rubani, na misukosuko ya hewa iliongeza kidogo tu. Bila uigizaji huo, dhoruba ingeweza kubebeshwa lawama isiyo yake.

Lakini ulinganisho haukuweza kufika hadi mwisho. Kielelezo cha namna hii hujengwa kwa takwimu za ndege za majaribio, na ndege kubwa ya abiria hairushwi katika majaribio hadi pembe ya zaidi ya nyuzi 35, ambayo 447 iliifikia. Nje ya takwimu hizo kompyuta hukisia, na skrini huonyesha kisio kwa unadhifu uleule inaoonyeshea ukweli. Hii ndiyo hatari kubwa ya simuleta, mashine inayoiga ndege kwa kielelezo kama hicho.

Hatari hiyo iligusa pia mafunzo. Kwa miaka mingi marubani walifundishwa katika simuleta kuishia kwenye dalili za kwanza tu, yaani kengele ya tahadhari au usukani kutetemeka, kisha kuongeza nguvu ya injini na kujitahidi wasipoteze kimo. Somo hilo lilipandikiza mazoea mabaya. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilipokaribia Buffalo, Marekani, usukani ulitetemeka na nahodha akauvuta badala ya kuusukuma. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake ardhini.

Baada ya ajali hizo mafunzo yalipinduliwa: kwanza punguza pembe, kimo baadaye. Simuleta nazo zililazimika kuboreshwa ili ziige mtikisiko, kuyumba kwa mabawa na uzito wa usukani pale bawa linapokwisha kushindwa. Hata hivyo miguu inayoitikisa simuleta haiwezi kumkandamiza rubani kitini kwa muda mrefu kama ndege halisi inavyofanya, na anayejua zoezi linakuja hashtuki kama aliyevamiwa usiku. Kwa hiyo zoezi linalofaa ni lile lisilotangazwa, likifanywa pia kwenye kimo kikubwa, ambako marubani wa 447 hawakuwa wamefunzwa kuongoza kwa mkono.

Mwaka 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa kanuni inayoyataka mashirika ya ndege kufundisha hali ya bawa kushindwa kikamilifu katika simuleta. Yalipewa hadi Machi 2019 kuitimiza.